Wiki Sita Kabla ya Kisu

Mama alikuwa amepita miaka sabini alipogundulika kuwa na saratani ya titi. Mwaka mmoja kabla tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, na tangu aache shamba lake la zamani alikula kidogo mno na kushinda amekaa mlangoni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Niliomba ruhusa, tukapanda lori la mahindi mpaka hospitali mjini Sumbawanga, nikijua atapasuliwa wiki hiyohiyo.

Daktari alimwamkia, akapapasa uvimbe, halafu akamwambia, "Mama, hebu simama bila kushika kiti."

Mama alijaribu mara mbili, akashindwa.

Daktari akaniita pembeni. "Simpasui sasa."

"Kwa sababu ya uzee?"

"Hapana. Nimepasua waliomzidi umri, wakarudi kulima. Ila yeye mwili umeisha nguvu. Nikimpasua hivi, kidonda kinaweza kukataa kupona, au asiinuke tena kitandani. Uvimbe huu unaweza kungoja wiki sita. Mlishe, na atembee kila siku."

Nilikasirika. Niliona ametufukuza kistaarabu. Mama aliniuliza kwa Kifipa daktari kasema nini, nikamweleza. Akajibu, "Basi kapike."

Nikapika. Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa, mchana maharage na mayai, na samaki wakavu kila walipoletwa kutoka Muze, kule ziwani. Siku za mwanzo alitembea hadi kwa jirani tu, akirudi anahema. Wiki ya tano alifika shamba la kijiji, akamnyang'anya mama mmoja jembe, akisema matuta yake yamepinda. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Tuliporudi hospitali alisimama bila kushika kitu. Akapasuliwa, titi likaondolewa.

Siku ya tatu nilimkuta nje ya wodi akianua kanga yake kwenye kamba. Nilikaa kwenye majani nikalia. Daktari alipopita nilimwambia, "Nisamehe, nilikukasirikia sana siku ile."

"Najua," alisema. "Hata hukuniaga."

Kidonda kilifunga vizuri, nyuzi zikatolewa, tukarudi nyumbani. Mama aliishi miaka tisa zaidi, na msimu uliofuata alipanda ulezi wake mwenyewe nyuma ya nyumba.