Chasisi ya Wajumbe Wote

Siku habari za gari zilipofika kijijini, mama yangu alichukua ngata yake, ile pete ya majani makavu ya mgomba aliyokuwa akiiweka kichwani chini ya tenga, akaitupa kwenye moto wa jikoni. Alisimama kuitazama mpaka ikaisha. Kisha akajaribu kugeuza shingo kulia, upande ambao shingo ilikuwa imekataa muda mrefu, akashindwa, akacheka. Sikuwahi kumwona akiicheka shingo yake kabla ya siku hiyo.

Shingo hiyo ilikuwa imebeba kabichi, karoti na ndizi kutoka kwetu milimani hadi sokoni Morogoro tangu yeye ni mwali. Ukimsalimu kutoka kulia alilazimika kugeuka mwili mzima ndipo akuitikie, na wageni walidhani ana maringo. Mganga wa zahanati ya misheni alimwambia kwamba asipoacha kubeba, hata huo upande wa kushoto utafunga. Alimwambia hivyo siku ya soko, tenga la kabichi likiwa limetuliwa mlangoni pa zahanati likimngoja.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, natembea nyuma yake na tenga langu, na nilikuwa na hasira za karibu. Bado ninazo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kijiji chetu kilikuwa kimeteuliwa kuwa cha mfano kwa ajili ya shamba la pamoja la kabichi. Kabichi zetu zilisifiwa redioni wakati zinaozea shambani, kwa sababu hapakuwa na cha kuzishushia ila vichwa vya wanawake. Tukaomba lori. Wilaya ikajibu kwamba malori hayapo, ila lipo gari. Lilikuwa limeachwa kwenye majani na meneja mzungu wa shamba moja la mkonge, upande wa Ngerengere, aliyefunga virago mashamba yalipotaifishwa. Lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, lenye pua ndefu na injini ya silinda nane, na baadaye tuliambiwa kwamba huko kwao magari ya namna hiyo yalitengenezwa ili vijana wenye fedha washindane mbio kwenye barabara iliyonyooka. Sisi hatukuwa na vijana wa namna hiyo, na barabara iliyonyooka ndiyo kabisa. Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshatoa shukrani mbele ya mkutano wa hadhara, na hakuna aliyetaka kwenda kuzirudisha.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mmoja wa Mafiga, pale mjini Morogoro. Fundi akaingia chini yake na bisibisi, akachoma hapa na pale, akatoka na unga wa kutu kwenye nywele.

"Bodi ipo, injini ipo," alisema. "Chasisi hamna."

Akatueleza kwamba chasisi ndiyo mifupa ya gari, kile chuma cha chini ambacho injini na bodi hukalia, na kwamba hii imeoza kama muhogo. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Angetengeneza mpya, alisema, kwa vyuma vya reli ndogo zilizokuwa zikipitisha troli za mkonge, na angeitengeneza kwa namna yoyote tutakayo. Tuseme tu tunataka gari la aina gani.

Swali hilo likapelekwa kwenye kamati ya kijiji, na hapo ndipo tulipokwisha.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wanawake tuliomba gari likatwe nyuma, liwekewe sanduku la mbao, matenga yapangwe humo. Wajumbe wa kamati wote waliafiki, wakapiga makofi. Halafu mjumbe mmoja akauliza nani atakaa mbele. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja tu baada ya dereva, na kama mwenyekiti angekaa hapo huku wenzake wamekalia kabichi, huo si ungekuwa ubwanyenye? Na kama angekaa mwingine, yeye ni nani? Wakajadili mpaka wakaafikiana kwamba katika kijiji cha Ujamaa wajumbe wote ni sawa, kwa hiyo kila mjumbe awe na kiti chake, na chasisi irefushwe kulingana na kamati.

Mama alisimama. Alitoa shikamoo kwa wanaostahili, akauliza, "Ndugu mwenyekiti, sasa matenga yatakaa wapi?"

"Swali zuri sana, mama," alisema mwenyekiti. "Tutalijadili katika mengineyo."

Mengineyo katika mikutano yetu yalikuja mwisho, na kwetu Uluguru mwisho wa mkutano mvua huwa imeshaanza. Tulitawanyika tukikimbia.

Kilichobaki kilikuwa kupima barabara, ile tuliyoichimba wenyewe kwa kujitolea na iliyokuwa haijapitiwa na kitu chochote chenye magurudumu. Fundi alitaka kujua upana wake. Katibu wa kijiji akapata njia ambayo mpaka leo sijui niicheke au niililie. Kule Mafiga alitupanga wanawake ubavu kwa ubavu mbele ya pua ya gari, kila mmoja na tenga kichwani, akaona kwamba upana wa gari ni wanawake watatu. Kisha akatutuma tupande hivyo hivyo, watatu sambamba, kutoka lami hadi kanisani. Mahali tutakapopita bila kusukumana, gari litapita. Mimi nilikuwa katikati, mama pembeni, katibu nyuma na fimbo yake, akituzuia kupita njia za mkato. Juu ya kijito kuna kona inayozunguka mwamba na kurudi ilikotoka. Tuliizunguka vizuri tu, tukiongea habari za bei ya karoti, na katibu akasema, "Inapita." Sote tulikuwa watu wa miguu. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari halina kiuno.

Basi siku za soko, tukishauza, tulikuwa tunapitia Mafiga kuona kazi. Chasisi mpya ilikuwa imelazwa kwenye matofali uani, imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndefu kiasi kwamba mke wa fundi alikuwa anaianikia nguo. Fundi alilikata gari katikati, akasogeza nusu ya nyuma mbali na nusu ya mbele, na pengo akaliziba kwa milango na vipande vya basi bovu. Viti vya ngozi vya meneja viliwekwa nyuma kabisa, kwa ajili ya mhazini, ambaye alilalamika kwamba anawekwa mwisho.

"Shikamoo fundi," nilimwambia siku moja.

"Marahaba." Hakuinua macho. "Dada, Marekani nzima hawana gari kama hili."

"Na kwa nini hawana?"

Akadhani namsifia. Nami, kusema kweli, nililipenda. Lilipowashwa mara ya kwanza ardhi ilitetemeka chini ya ndala zangu, na mama akaweka kiganja kwenye boneti, kwa adabu, kama anayemgusa ng'ombe wa mtu. Nyuma ya kiti cha mhazini palikuwa pamebaki nafasi. Zingeingia kabichi chache, kama zingekuwa ndogo.

Siku ya kulipandisha, wajumbe walijaa, wakazungushwa kwanza mjini mpaka Msamvu ili watu waone maendeleo, ndipo wakageuza pua kuelekea milimani. Sisi tulitangulia kwa miguu, na tulifika konani mapema tukawangoja na vigelegele. Juu kwenye uwanja wa shule ya misheni mgeni rasmi alikuwa ameshaketi, ngoma inalia, mbuzi yuko jikoni.

Gari lilikuja likinguruma. Dereva akakata kona. Pua ikagusa mwamba, na mkia ukatoka nje ya barabara, ukaning'inia juu ya kijito ukiwa na mhazini ndani. Dereva akarudi nyuma kidogo. Mhazini akaanza rozari kwa sauti. Dereva akasogea mbele. Mwamba ukakwaruza rangi. Likabaki hapo, limeziba barabara yote, na milango ya upande mmoja ikifungukia kwenye korongo.

Wajumbe wakafanya mkutano humo humo ndani. Sisi tulisimama nje tukiwaona wanavyonyoosha mikono madirishani kupiga kura. Maamuzi yalikuwa haya: barabara haina kosa, kwa sababu ni matunda ya kujitegemea; gari halina kosa, kwa sababu ni zawadi; na mgeni rasmi hawezi kungojeshwa. Kwa hiyo gari lifunguliwe vipande, libebwe, likaungwe juu. Aliyeuliza nani atabeba aliangaliwa kwa mshangao.

"Akina mama wana uzoefu," alisema mwenyekiti.

Fundi aliitwa kutoka Mafiga, akafungua nati siku nzima. Nisiwanyime haki wanaume: chasisi waliibeba wao begani, na injini kwenye miti, wakiimba. Vilivyobaki vilikuwa vyetu. Mimi nilipewa mlango. Mama alipewa kiti cha ngozi cha nyuma, na alipoinama kukipokea ndipo alipokumbuka kwamba ngata hana; ile ya kuazima, aliyobebea tangu achome yake, alikuwa ameirudisha asubuhi hiyo.

"Mama, kiache," nilimwambia. "Watakifuata wenyewe."

"Wote wanabeba," alisema. Akaviringisha khanga, akaiweka kichwani, akapandishiwa kiti. Nilitembea nyuma yake nikilia kwa hasira, mlango kichwani mwangu, na kila nilipojikwaa kioo kilikuwa kinashuka chenyewe. Mgeni rasmi alitupungia mkono.

Gari likaungwa pale uwanjani, na likawa la uwanjani. Kushuka haliwezi, kwa sababu ya kona. Wageni walipokuja, wao wenyewe kwa miguu, wajumbe walipanda, kila mmoja kwenye kiti chake, wakazungushwa goli hadi goli. Silinda nane zinakunywa, na petroli ilikuwa mjini, kwa hiyo sisi wanawake tukawa tunashuka na kabichi na kupanda na madumu ya petroli. Siku za soko dereva alikuwa akiipasha moto injini asubuhi, na tukikatisha uwanja na matenga yetu alitupigia honi tumpishe. Mganga alikuwa amesema kweli. Kabla ya masika kuisha, shingo ya mama ilifunga na kushoto.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda kushuka kama kawaida. Mama akalitua tenga kando ya gari, akachomoa kisu cha kukatia kabichi, akafungua mlango wa nyuma. Nilidhani anataka kukaa kidogo. Akapasua kiti cha mhazini kwa utulivu, kama anayechuna ngozi ya mbuzi, akavuta sponji, kisha akakata na kipande cha ngozi cha kuifungia. Mwenyekiti alikuwa anatoka misa ya asubuhi. Alikuja mbio.

"Mama, hiyo ni mali ya kijiji."

"Najua, ndugu mwenyekiti. Na kabichi ninazobeba ni za kijiji."

"Basi si ungeleta ombi kwenye kamati?"

"Nilileta," alisema mama, akigeuka mwili mzima ili amwone. "Liko kwenye mengineyo."

Mwenyekiti alitazama kiti, akatazama kanisa, kisha akamsaidia mama kujitwika. Sijawahi kumsamehe kwa mambo mengi, lakini hilo nalikumbuka.

Tulishuka. Ngata mpya ilikuwa ya ngozi nyeusi, imeshonwa kwa nyuzi za mkonge, nene, na kabichi zilikuwa zinatulia juu yake bila kuyumba. Nilimuuliza kama ni laini. Alinijibu tulipofika kwenye mwamba, ambako mikwaruzo ya rangi ya gari ilikuwa bado inaonekana. Akauzunguka polepole, mkono mmoja kwenye tenga.

"Kipande hiki cha gari," alisema, "kinakunja kona."

Tukaendelea kushuka.