Sauti ya Tarumbeta Ilipowaita Ukumbini

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, mshona nguo ambaye mtaa mzima unamwita Tarumbeta alikuwa kliniki ya macho na mama yake, tangu milango ilipofunguliwa hadi adhuhuri. Kadi ya mama ina muhuri wa siku hiyo. Asubuhi hiyohiyo sauti ya Tarumbeta ilipita mtaani kwake juu ya paa la gari, ikiwaita watu ukumbini.

Jina alilipata kwa sababu ya koo lake. Akimwita mteja aliyesahau chenji, barabara nzima hugeuka. Kwa hiyo ilipoundwa kamati ya kuwaelimisha watu haki zao za kiraia, mwenyekiti hakuhangaika kutafuta mtangazaji wa kuwaita watu kwenye mafunzo ukumbini. Mwenyekiti ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, mtu wa subira na mashati yaliyonyooshwa. Ndiye aliyemfundisha kwamba askari akikukamata lazima akwambie kosa lako, na kwamba hakuna wa kukuvunjia kibanda bila kukupa notisi na nafasi ya kujitetea. Tarumbeta aliyabeba hayo hadi sokoni, akawa anayarudia huku anakanyaga cherehani. Hata jirani yake muuza mitumba, ambaye zamani akiona kofia ya mgambo tu anakunja mzigo, alianza kuuliza, "Kibali chako kiko wapi, afande?"

Mwezi Januari kazi ya kushona sare za shule ilimbana. Shemeji akaja na simu mkononi.

"Rekodi mara moja tu, shemeji, tusisumbuane kila wiki. Taja siku zote. Mimi nitaunganisha na siku inayotakiwa."

Alirekodi nyuma ya pazia la kupimia nguo, futi ikining'inia shingoni: "Ndugu zangu, fungeni kazi kidogo, njooni ukumbini. Haki yako haitakufuata nyumbani." Kisha akazitaja siku moja moja, Jumatatu mpaka Jumapili, kama mtoto wa chekechea. Wote wawili walicheka.

Alhamisi ile alirudi sokoni amemshika mama yake mkono. Safu yote ya vibanda ilikuwa imelala chini. Cherehani yake ilikuwa chini ya bati, gurudumu limevunjika. Muuza mitumba alikuwa amekalia mzigo wake.

"Karibu, mama wa haki," alisema. "Umetuita, tumekuja. Tumekaa ukumbini tunafundishwa habari za notisi, huku nyuma tunabomolewa."

"Mimi nimewaita saa ngapi? Nimeshinda kliniki na mama."

"Kumbe sauti imekwenda kazini yenyewe," fundi viatu alidakia. "Ina bidii kuliko mwenye nayo."

"Muulizeni mama basi!"

"Mama ameona nini, na macho yamejaa dawa?"

Watu wakacheka kicheko kikavu. Afisa wa manispaa alikuwa ameshawaambia kwamba vibanda vilikutwa vimefungwa, na hakuna mwenyewe aliyekuwepo kupinga.

Tarumbeta alikumbuka pazia, futi, na neno Alhamisi. Alimfikisha mama nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa dada yake.

Shemeji alikuwa mezani.

"Gari lilikuwa la nani?"

"La manispaa. Walituazima."

"Na ulijua wanakuja kuvunja?"

Shemeji alisogeza sahani. "Wangevunja tu. Watu wangekuwepo, yangetembea marungu. Nimeokoa vichwa, shemeji."

"Si ungewaambia wachague wenyewe? Ndivyo ulivyonifundisha."

"Kamati imepewa chumba kwenye jengo la manispaa. Ofisi, yenye mlango na umeme. Hujui tutasaidia watu wangapi."

"Mbona hukuwaita kwa sauti yako?"

"Kwa sauti yangu wasingekuja."

Alisema kweli, na hapo ndipo palipomchoma. Jikoni dada yake alifunga bomba, akatokea mlangoni mikono ikidondosha maji.

"Haya yaishie humu. Huyu ni mume wangu."

Tarumbeta alikaa na siri hiyo wiki nzima. Hakuna aliyemletea kitambaa. Akipita kisimani, maongezi yalikatika, yakaanza tena akishapita. Siku ya nane alimfuata muuza mitumba, aliyekuwa ametandaza nguo chini ya turubai, akamweleza yote: simu, pazia, chumba chenye umeme.

Muuza mitumba alimsikiliza huku akikunja suruali ileile mara tatu.

"Utayasema haya mbele ya dada yako?"

"Nitayasema."

"Kwa mdomo wako? Siyo juu ya gari?"

"Kwa mdomo wangu."

"Haya, kaa. Usisimame kama mdai."

Muuza mitumba hakumwomba radhi. Alimsogezea tu ncha ya turubai, naye apate kivuli.

Wenye vibanda wameishtaki manispaa pamoja na kamati. Kesi inaanza kusikilizwa Jumatatu, na shahidi wa kwanza ni Tarumbeta. Dada yake ametuma salamu kwamba akitoa ushahidi huo asikanyage tena kwake. Tarumbeta atautoa.