Dira Iliyokaa na Sumaku

Wateja walimwita Mama Mahema, ingawa mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Alikuwa na mdogo wake tu, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na mahema ya watu. Katika duka la kukodisha vifaa vya kupandia mlima, yeye ndiye aliyeshona kilichochanika na kukagua dira. Kwa dira alikuwa mkali kama pilipili. Hakuna iliyotoka kabla hajailaza juu ya mstari mwekundu aliouchora sakafuni kuonyesha kaskazini.

“Simu zina ramani siku hizi, mama!” fundi viatu wa hapo dukani humtania.

“Ikizima utaiuliza nini?” naye hujibu, pini zikiwa mdomoni.

Asubuhi ile mdogo wake, kiongozi wa watalii, aliingia mbiombio, wageni wakimsubiri nje. Alimkuta dada yake amepiga magoti, anaokota sindano zilizomwagika kwa sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu.

“Dada, dira yangu. Nimechelewa.”

Dada aliichomoa mfukoni mwa aproni akampa. Mstari hakuukumbuka. Dira yenyewe aliikagua jana yake, na huyu si mteja, ni damu yake.

Mchana ukungu ulishuka, mlima wote ukapotea. Mama Mahema alitoa mfukoni dira nyingine, ya mteja, akailaza juu ya mstari. Ncha nyekundu ikageukia mlango wa nyuma, kusini kabisa. Akachukua ya kwenye rafu: hiyo ikaonyesha sawasawa. Alitia mkono mfukoni tena, vidole vikagusa sumaku. Usiku kucha ilikuwa imelala humo pamoja na zile dira mbili, na ilikuwa imezigeuza sindano za dira.

Kule juu njia hugawanyika: kaskazini kuna kibanda cha kulala, kusini kuna genge refu la mawe ambalo hata mbuzi hawalisogelei.

Alipiga simu, haikupatikana. Akapiga kituo cha waokoaji, wakasema watatoka, ila kwa ukungu ule watapanda kwa kupapasa. Akakaa juu ya hema lililokunjwa.

“Usijitese, mama,” fundi viatu alisema, utani wote umemwisha. “Mdogo wako anaujua mlima nje ndani.”

“Kwenye ukungu hakuna anayejua kitu. Ataiangalia dira.”

Ndipo simu ikaita.

“Dada, usihangaike.” Sauti ya mdogo wake ilikatikakatika, lakini ilikuwa na furaha. “Ukungu umefunga, hata mkono wangu siuoni. Dira inasema kibanda kiko upande ambao mimi ningeapa hakipo. Wageni wanabisha. Nimewaambia hii kaikagua dada yangu, hamumjui alivyo. Tunaifuata hiyo hiyo.”

“Simama! Simama hapo hapo—”

Simu ilikuwa imeshakata. Hakujua kama neno hata moja lilifika.

Akapiga tena. Yule mwanamke aliyerekodiwa kwenye mtambo wa simu akamjibu kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

“Mwambie asiifuate!” Mama Mahema alimpigia kelele. “Mwambie dada yake amekosea!”

Mwanamke yule akarudia maneno yake, kwa upole ule ule.