Anaitwa Nodoka

Kila mwaka hakosekani mtu wa kuniuliza kwa nini mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Durban ana jina la Kijapani. Kila mwaka najibu vilevile: kwa sababu mimi ndiye niliyempa. Wengi huishia hapo. Anayetaka zaidi namvutia kiti.

Wakati huo nilikuwa nasuka nywele katika saluni moja katikati ya mji. Nusu ya chumba ilikuwa yetu, nusu nyingine wanaume walitengeneza simu. Mwenye saluni alikuwa mama wa Kirundi, sauti yake ilisikika hadi barabarani. Mchana mmoja akaingia mwanamke wa Kijapani, mkoba mgongoni, akasimama mlangoni na kusema, "Hodi. Habari za mchana, dada zangu? Naomba kusukwa, kama nafasi ipo."

Tuliangaliana. Sisi Kiswahili chetu ni kile cha Uvira na Bujumbura, kila kitu "iko", na Kifaransa kinaingia kinapotaka. Kiswahili cha namna ile tulizoea kukisikia redioni. Mwenye saluni alicheka mpaka akaweka kitana chini. "Madamu, ingia! Ulizaliwa wapi wewe?"

Kumbe alikuwa amefundisha hesabu sekondari, kusini mwa Tanzania, kabla ya kuolewa. Mumewe alikuwa mhandisi katika kiwanda cha magari huku Durban, naye alishinda peke yake kwenye fleti bila mtu wa kuongea naye. Nywele zake zilikuwa laini mno. Kila nilichosuka kilifumuka kabla hajafika nyumbani. Hakujali. Wiki iliyofuata alirudi, na nyingine tena. Alikuja kuongea.

"Usiniite madamu," aliniambia. "Mimi naitwa Nodoka."

"Hilo si jina la Kizulu?"

Alicheka. Alisema tangu afike Durban kila mtu anamuuliza hivyo, benki, dukani, kwenye taxi, kwa sababu majina mengi ya wasichana wa Kizulu huanza na No. Wakiliona limeandikwa wanatafuta dada yao, halafu anasimama Mjapani.

Nilikuwa na mimba kubwa siku ile waandamanaji wa kupinga wageni walipopita barabara yetu. Tulijua watakuja, lakini tuliambiwa wangepita upande wa stesheni. Tulipowasikia, wanaume wa simu waliteremsha shata la chuma, na mwenye saluni akatusukuma nyuma, kwenye beseni la kuoshea nywele. Nodoka alikuwa nasi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imeachwa. Alikaa sakafuni kando yangu. Hakuniambia kwamba mambo yatakuwa sawa, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Nje walikuwa wanaimba wimbo wa kututaka turudi kwetu. Mtoto alikuwa anageuka tumboni kana kwamba naye anatafuta pa kutokea.

Nilitaka kusikia kitu kingine, chochote. Nikamuuliza, "Jina lako maana yake nini?"

Alifikiri kwanza. "Ni neno la zamani," akasema. "Washairi wetu wa kale walilitumia kwa siku za mwanzo wa joto, baridi ikishaondoka. Jua limetandaa, upepo hakuna, na wewe huna haraka ya kwenda popote. Hakuna kinachokusukuma. Siku ya namna hiyo ndiyo nodoka."

"Shwari," nikasema. Mimi nimekulia kando ya ziwa. Naijua siku hiyo.

Akanishika mkono. "Shwari! Miaka yote kule shuleni niliwaambia wanafunzi wangu 'utulivu', na nilijua haitoshi. Shwari!"

Jiwe likapiga shata. Mwenye saluni akapiga kelele kwa Kirundi, akimwita Mungu, nadhani. Nikasema kwa sauti, ili nijisikie mwenyewe: "Huyu nikimzaa salama, na akiwa msichana, ataitwa hivyo."

"Usifanye hivyo," Nodoka akasema. Alikuwa hatanii. Alinieleza kwamba kwao mzazi huchagua sauti ya jina, halafu huchagua herufi za kuliandikia, na jina moja linaweza kuandikwa kwa njia nyingi. Baba yake alipenda mambo ya kale, akachagua herufi mbili za zamani, moja ya urefu, nyingine ya wasaa. Kila mwalimu mpya alikwama hapo, akalisoma vibaya, darasa likacheka. Siku hizi, alisema, wazazi wachache wanaolipenda huliandika kwa herufi nyepesi, au kwa ile ya amani. Lakini halijawahi kuwa jina la kujaza madarasa. Shule nzima alikuwa peke yake. "Watoto waliniita bibi kizee. Nililia nikitaka jina la kawaida. Mpe jina la kawaida, dada."

"Si mtoto wa kawaida," nikasema. "Sikiliza nje."

Walipita. Hakuna aliyeumia kwetu siku hiyo. Tulipoinua shata, nikammalizia ile nusu nyingine ya nywele.

Nilizaa msichana. Muuguzi aliyeandika jina aliniuliza kama mume wangu ni Mzulu. Nikamwambia hapana, akainua mabega, akaandika.

Mume wangu hakuinua mabega. Anafanya kazi ya kupakia malori Clairwood, ni mtu mpole, hagombani na mtu. Lakini kwetu jina la mtoto hutoka upande wa baba, na yeye alishaahidi jina la mama yake.

"Mama yangu iko na jina," aliniambia, mtoto akiwa mikononi mwake. "Hata mama yako iko na jina. Tumekosa majina mpaka tukaombe kwa Wajapani?"

"Mama yako nampenda. Ameshapewa wajukuu wangapi wenye jina lake? Niachie huyu mmoja."

"Na familia nitaiambia nini?"

"Iambie ni mimi."

Akaiambia, maskini. Kesho yake shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alipiga simu kutoka Uvira. Hakunisalimia vizuri. "Shemeji, sema kweli. Huyo mutoto iko ya nani? Kuna Mujapani gani hapo?"

Kwanza nilicheka. Halafu nikahisi moto kifuani. "Shemeji," nikasema, "naomba uende kwenye kioo. Angalia pua yako. Nitakutumia picha ya mtoto, uweke kando ya hiyo pua, halafu unipigie tena." Nilituma picha. Hakupiga tena kwa muda mrefu, na alipopiga alitaka kujua kama mtoto ameota meno.

Kanisani ilikuwa ngumu zaidi. Kanisa letu ni la Wakongo, tunakutana kwenye ghala lililokodiwa Mobeni, na siku ya kumtoa mtoto mbele za Mungu unavaa kitenge kipya na watu wanapiga vigelegele. Pasta alikuwa ameniita mapema wiki hiyo. Alisema jina linabeba roho, na hatujui roho gani inakaa katika jina la watu wanaoinamia sanamu. Alinipa jina la Biblia, zuri tu, la mama fulani mwenye imani. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikamwambia mtoto ameshapata jina.

Jumapili akamchukua mtoto, akamwinua juu, akasema kwenye maikrofoni lile jina la Biblia.

"Pasta," nikasema, "anaitwa Nodoka."

Akajifanya hakusikia. Akarudia lake. Nami nikarudia langu, bila maikrofoni, na nina sauti kubwa kwa miaka ya kushindana na kelele za saluni. Vigelegele vilikufa. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Pasta akanirudishia mtoto bila kumwombea, akasema tutaendelea na ratiba.

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilirudi nikakaa mstari wa kwanza. Jumapili iliyofuata nilikuja tena, nikakaa palepale, mtoto mapajani. Kina mama wengine waliacha kunisalimia kwa muda, halafu wakachoka kuninunia. Mmoja wao, mjane anayeuza samaki wakavu, alimchukua Nodoka siku moja baada ya ibada, akamwekea mkono kichwani na kumwombea kwa jina lake lote, akilikosea kidogo. Pasta aliona.

Mwaka huu Nodoka ameanza shule, na kifua kinamsumbua kila baridi ikija. Tunaishi Sydenham, kliniki si mbali. Asubuhi moja nilimpeleka, nikakuta watu wamesimama getini. Hawakuwa walinzi wala wafanyakazi wa kliniki. Walikuwa watu wa mtaani tu waliojipa kazi ya kuuliza vitambulisho na kuwarudisha wageni.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa Kizulu. Alimsikia mtoto akikohoa, akanisikia nikimwita. Akanigeukia, akanong'ona kwa Kiingereza, akiniita sisi, yaani dada kwa lugha yao, "Sisi, jina hilo ni la kwetu. Sema baba yake ni Mzulu. Nyamaza tu, mimi nitaongea."

Alikuwa mwema. Sitasema vinginevyo. Nami nilifikiria, maana mtoto alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Lakini Nodoka alikuwa ananitazama. Anajua jina lake limetoka wapi, nimemsimulia kabla hajajua kusema vizuri. Ningemwambia nini tukishapita? Kwamba jina lake ni zuri likidhaniwa la mtu mwingine?

Kijana wa getini akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

"Nodoka."

Akatabasamu. "Nodoka wa ukoo gani?"

"Ni jina la Kijapani," nikasema. "Baba yake Mkongo, mimi Mkongo, yeye amezaliwa hapahapa Durban. Kifua kinamuuma. Tupishe."

Hatukupishwa. Yule mama akatikisa kichwa. "Eish, sisi," akasema, si kwa hasira. Nilimbeba Nodoka mpaka duka la dawa, nikanunua pampu ya kifua, akavuta palepale kwenye ngazi mpaka rangi ikamrudia midomoni. Sikujuta, na sijajuta.

Kesho yake mume wangu hakwenda kazini. Sikumwomba. Alivaa shati lake la Jumapili, akambeba mtoto begani, tukaenda pamoja. Njiani mjane wa samaki, aliyekuwa ameshasikia habari, akajiunga nasi, na kina mama wengine wawili wa kanisani wenye watoto wagonjwa. Wale watu walikuwepo. Walituzuia. Hatukuondoka. Tulisimama ukutani mpaka jua likapanda, tukipeana maji. Kijana yuleyule akaja kutuambia twende. Mume wangu, ambaye hagombani na mtu, akamwambia polepole kwa Kizulu chake cha kazini, "Huyu ni Nodoka. Mimi ni baba yake. Tunamsubiri daktari." Akalisema jina vizuri, kila silabi.

Mchana wale watu walichoka, wakaenda kula. Muuguzi akatoka, akatuona, akatuashiria kwa mkono tuingie haraka. Tuliingia, lakini si haraka. Nodoka alipimwa, akapewa dawa, na anaendelea vizuri.

Mwenzake wa jina alisharudi Japani na mumewe. Nilimtumia habari ya getini kwenye simu. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, analia na kucheka. Alisema mtoto wake wa kiume sasa yuko shule, na huko nako hakuna Nodoka hata mmoja. "Basi mliobaki ni ninyi wawili," nikamjibu, "lishikeni vizuri."

Nina mimba tena. Kina mama wa kanisani wameanza kuniletea majina, wanayasema wakinipa machungwa, kana kwamba ni habari za hali ya hewa. Nakula machungwa. Pasta naye ameniuliza, kwa adabu safari hii, kama nimeshaamua.

Nimemwambia bado. Nikiamua, nitalisema mwenyewe, na maikrofoni nitaishika mimi.