Zeituni ya Kienyeji

Juzi, katika duka moja hapa Nakuru, kijana alinionjesha mafuta ya zeituni kwa kifuniko cha chupa. Ule uchungu ulipokwaruza koo, nikajiona tena Olenguruone, mtoto, nimekumbatia ungo.

"Boss, aina ya mti ndiyo huamua mafuta," alinieleza. "Umri wa mti unafuata."

Nilikuwa nimekuja kubishana bei. Nikalipa bila kubisha, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Mwaka ule wa ungo, mvua ilikuwa imebeba daraja letu, na dada yangu mdogo, Chepkoech, alikuwa akiwaka homa, kifua kikipanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Mchungaji alipiga simu kutoka ng'ambo ya mto: mpakeni mafuta ya zeituni, mimi naomba nikiwa huku. Zeituni! Duka la kwetu lilikuwa na mafuta ya kupikia na ya taa, basi.

Lakini nyuma ya boma tulikuwa na mizeituni mwitu, ile ambayo mkaa wake tunasugulia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mama alipiga hesabu, nami nikairudia kichwani, sikuona kasoro. Ng'ombe wa kienyeji hutoa maziwa kidogo kuliko wa gredi, lakini siagi yake! Na aliyezaa mara nyingi, maziwa yake ni mazito. Sasa mti wa kienyeji, tena mzee?

"Panda ule mkubwa," Mama aliniambia. "Wachana na hiyo michanga, hiyo bado ni ndama."

Matunda yalikuwa madogo kama maharagwe, karibu yote kokwa. Mama alitwanga, akachemsha, akangoja mafuta yaelee. Hayakuelea.

"Mama, hii haina kitu."

"Leta ingine."

Juu ya mti nilimwahidi Mungu jogoo wangu. Aliponyamaza, nikaongeza ndama.

Jioni Mama alimpaka Chepkoech kile kitope cheusi kwenye paji. Kulipokucha maji yalikuwa yamepungua, akamvusha mgongoni hadi kwenye pikapu ya viazi. Hospitalini muuguzi alimpangusa uso, akauliza, "Mathe, huyu alilala kwa makaa?"

Sindano zilimponya. Mpaka leo ananibishia kila kitu.

Miaka yote nilidhani Mama hakujua zeituni. Sasa nina mtoto wangu mwenye kifua kibaya, na najua aliiona ile sufuria tupu kabla yangu. Lakini angetua mchi, nyumba ingebaki na sauti moja tu, ya Chepkoech akitafuta pumzi.