Siena Tuliyoila na Chai

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, msije mkausikia kwa dada yangu Makena, ambaye huongeza chumvi. Nilipokuwa na miaka tisa, nilichukua kitu cha mwisho kilichotoka kwenye lori la marehemu baba yangu, nikakikata kwa kisu cha mkate, nikawagawia watu wa kanisa wakashushia na chai. Halafu nikawadanganya. Nikawadanganya vizuri, hadi wakalia.

Harufu ndiyo imenirudisha huko. Juzi shuleni, kwenye somo la mapishi, mwalimu alikaanga lozi bila mafuta, akamimina asali, akatia mdalasini, karafuu na pilipili manga kidogo. Darasa zima likasema, aah, inanukia Krismasi. Pua yangu mimi ikasema inanukia matanga. Nikaomba ruhusa, nikaenda kunawa uso. Wenzangu wakadhani nimekwepa kuosha vyombo, na siwalaumu, kwa sababu jina hilo nimelijenga kwa bidii.

Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikuwa analichukua kwenye ghala moja kule Washwood Heath, hapa Birmingham, anavuka nalo kwenda Ulaya na shehena ya vyuma, anarudi kutoka Italia na vigae vya bafuni. Sisi tulikaa mtaa wa Great Barr, karibu na barabara kuu ya M6, na tunakaa hapo hadi leo. Hiyo barabara haijawahi kunyamaza tangu niijue. Nikiwa kitandani nilikuwa nachagua ngurumo moja, namwambia Makena, "Huyo ni Baba." Makena, miaka minne, ananijibu, "Huyo si alipita jana?" Mdomo alizaliwa nao.

Kila safari ilitupa mji mmoja. Baba hakuleta fulana wala sumaku za kubandika kwenye friji. Alileta kitu kitamu kimoja tu, cha mji mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kabla ya mchezo. Mchezo ulikuwa hivi: tunakaa chini kwenye zulia, macho tumefumba, midomo wazi kama vifaranga, naye anatuwekea kipande ulimini. Ni marufuku kusema hadi umeze. Wakati unatafuna, yeye ndiye anaongea. Anakutembeza mjini.

Torino ilikuwa chokoleti yenye umbo la mtumbwi uliopinduliwa, laini, inayeyuka na ladha ya njugu kabla hujaamua kuitafuna. Huko, Baba alisema, barabara zimejengewa paa pembeni, nguzo baada ya nguzo, unatembea mji mzima mvua ikinyesha na viatu vikavu. Sisi watu wa Birmingham tuliona hiyo ndiyo mbingu yenyewe. Cremona ilikuwa nyeupe, ya lozi na asali, ngumu kama kokoto. Iliondoka na jino langu la utoto, ambalo lilikuwa linalegalega tu likitafuta sababu. Huko, alisema, ukipita uchochoroni unasikia mafundi wakikwangua mbao za fidla. Verona ilikuwa keki ndefu yenye pembe za nyota, na sukari yake ilimfanya Makena apige chafya akatumwagia Verona yote usoni.

Halafu, tukishameza, anauliza, "Haya, tuko wapi?" Tunataja mji kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nasema "Nairobi" makusudi, nipate kukimbizwa nyumba nzima.

Basi. Siku moja moyo wake ulisimama akiwa amelala ndani ya lori, kwenye maegesho ya malori si mbali na Siena. Wazungu walisema hakusikia uchungu. Sijui walimuuliza nani.

Mwenzake wa kazi ndiye aliyetuletea begi lake. Ndani mlikuwa na nguo, ndala, Biblia yenye gundi mgongoni, na kitu cha mviringo, bapa, kizito kuliko kinavyoonekana, kimefungwa kwa karatasi nene iliyoandikwa jina la mji. Mama alikinusa juu ya karatasi, muda mrefu. Kisha akapanda kiti akakiweka kwenye rafu ya juu kabisa kabatini, nyuma ya kopo la unga. Nami, mtoto wa miaka tisa, nilielewa jambo moja tu: mji umefika, mchezo bado.

Wakenya wakifiwa ughaibuni, nyumba haibaki na watu wake peke yao. Hadi siku mwili unasafirishwa, watu wanakuja kila siku kuomba na kuimba, na anayekuja lazima anywe chai, na chai lazima iwe na kitu cha kutafuna. Kumpa mgeni chai tupu ni kama kumwonyesha mlango. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikuja wengi hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Mama alikuwa chumbani juu na akina mama wachache. Sebuleni mzee wetu wa kanisa aliomba hadi chai ikashika utando.

Jikoni alikuwepo Mama Furaha, jirani yetu kutoka Bukavu, aliyekuwa ameitwaa jiko letu tangu siku ya msiba kana kwamba alizaliwa humo. Akanishika bega. "Weye mutoto, mandazi imeisha, na bantu bangali na chai mu mukono. Ona mu kabati kama iko hata biskuti."

Nikapanda kiti.

Nataka kusema sikujua. Lakini kuna sehemu yangu iliyojua, kwa sababu nilifungua ile karatasi polepole sana, kama mtu anayeiba. Ndani, sukari ya unga nyeupe, na chini yake kitu cheusi chenye lozi nzima nzima na maganda ya machungwa, kinanata, kinanukia kama masala ya chai ya Mama. Kisu kiligoma. Nikakisukuma kwa mikono miwili. Nikavipanga vile vipande kwenye sinia nikaenda sebuleni, na hapo ndipo mdomo wangu ulipoamua kufanya kazi bila mimi. Watu walikuwa kimya mno. Sijawahi kuuweza ukimya.

"Fumbeni macho," nikasema. "Fungueni midomo. Hakuna kuongea mpaka umeze. Hii ni ya Baba."

Mnajua hawakukataa? Watu wazima wenye suti za kanisani walifumba macho. Mzee naye akafungua mdomo, meno ya bandia na yote. Nikapita nikiwawekea kipande mmoja mmoja, na walipoanza kutafuna nikagundua shida yangu: Siena sikuambiwa. Baba hakufika kuisimulia. Miji mingine yote niliijua kwa moyo, lakini huu, hapana, nilikuwa na jina tu.

Nikaitunga.

Nikasema Siena imejengwa juu ya kilima, na nyumba zake ni za rangi ya maandazi yaliyoiva. Barabara ni nyembamba hadi majirani wanapeana chumvi dirishani. Nikasema Baba alifika asubuhi akaacha lori, akatembea kwa miguu, na jua lilikuwa kali, akavua sweta akalifunga kiunoni. Nikasema alikaa kwenye ngazi za kanisa moja kubwa, mbwa akaja akalala miguuni pake. Nikasema bibi mmoja mwenye duka alimfungia hii zawadi, akamuuliza, una watoto wangapi, naye akasema wawili, mmoja mjinga. Mtu akacheka, kamasi zikamtoka. Nikasema alitembea hadi akachoka vizuri, ule uchovu mtamu, kisha akarudi kwenye lori lake akalala.

"Haya, tuko wapi?" nikauliza.

Walikuwa wameshameza, na bado macho wamefumba, machozi yanapita katikati ya sukari.

Mama Furaha, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mungu wangu! Kumbe Papa alikuambia yote hiyo mu simu?"

Hapo ningeweza kujiokoa. Ningesema hapana, nimetunga. Lakini nyuso zote zilinigeukia, na hazikuwa nyuso za matanga tena, zilikuwa zimelegea kidogo, na nani angekuwa na roho ya kuzikaza upya? Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo. Naye huyo, mbio ngazini kumpelekea Mama habari njema, kwamba mumewe alikuwa na siku nzuri kabla ya kuondoka. Nilisikia mlango wa chumba cha juu ukifunguliwa. Nilisikia sauti ya Mama Furaha, ndefu.

Watu waliondoka mmoja mmoja, wakinibusu kichwa, na kila busu lilizidi kunitia hofu. Makena alikuwa amelala kwenye rundo la makoti. Jua la kiangazi lilikuwa bado liko dirishani Mama aliposhuka, leso mabegani, akaingia jikoni, akaiona karatasi mezani. Haikuwa na kitu zaidi ya sukari ya unga na alama ya kisu.

Nilimwambia samahani kwa Kiswahili, kwa Kimeru, na kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani kwetu mtu akiitumia anaosha masufuria wiki nzima. Mama hakusema nitaosha kitu. Alikunja ile karatasi mara moja, akaikunjua, akakaa.

Wakati ule, kwa alichoniambia, nilidhani amenisamehe tu, kwa kuwa alikuwa amechoka kulia, nami nikakimbilia kumjibu kwa pupa kabla hajabadilisha mawazo. Sasa ninakaribia umri wa kuendesha gari, na nimeuona kwenye ramani ule uwanja wa kuegesha malori, ulivyo mbali na kilima cha mji, umezungukwa na barabara kubwa na uzio. Sasa ndiyo najua kwamba siku ile jikoni hakuna mtu aliyekuwa akimsamehe mtu. Mtu alikuwa akiomba apewe. Aliniangalia, akanivutia kiti, akasema hivi:

"Lori haliingii mjini, mwanangu. Baba yako hakuwahi kukanyaga hata mmoja wa hiyo miji. Alikuwa anaegesha nje huko, ananunua kitamu kwenye duka la hapo hapo, ananipigia nikiwa kazini kwenye mapumziko, mimi namsomea mambo ya mji, yeye anayashika kichwani aje awasimulie. Huu wa Siena sikuwahi kumsomea, nilikuwa na mgonjwa wodini, sikushika simu. Kaa hapa. Niambie na mimi vile alitembea."