Wavu wa Paa wa Babu

Ijumaa iliyopita niliwapeleka wanangu kwenye hifadhi ya wanyama nje kidogo ya mji wetu wa Maskati. Ni pahala pa umma. Mtu huingia na watoto wake na chupa yake ya chai, akatembea mpaka unapoanza uzio wa waya, akasimama kutazama. Tukasimama. Paa mmoja akatoka kwenye kivuli cha mti wa miiba, mwembamba, rangi ya mchanga, akasogea mpaka tukaziona kope zake. Watoto wakatoa simu. Mimi, mwenzangu, nilijikuta nimeingiza ngumi kwenye tundu la waya, napima. Kitinda mimba wangu akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia naangalia kama paa anaweza kunasa hapa. Akanitazama kwa ile huruma ambayo watoto wa siku hizi wametuwekea sisi wazee wao.

Ngumi ile ina kisa chake.

Tulikuwa tukikaa Sib, kwenye moja ya zile nyumba za serikali. Ami yangu aliipata kwa kazi yake ya ofisini, na sisi wengine tukaijaza, kama ada yetu. Babu na bibi walikuja mwisho wa wote kutoka Unguja. Bibi alizoea upesi, maana mwanamke akishapata jiko ugeni unamwisha. Babu ndiye aliyetushinda. Kule alikuwa msasi, mtu wa kuongoza watu na nyavu porini, na sauti yake ilisikika kiambo kizima. Hapa alikaa barazani ameelekea ukuta. Ukimuuliza anataka nini, hataki kitu. Hata chai hakuomba. Akiletewa atakunywa, asipoletewa atakaa vivyo hivyo mpaka adhana. Bibi alikuwa akimchungulia kwenye pazia la jikoni, na usiku tukimsikia anageuka geuka kitandani. Alikuwa akiogopa kwamba mumewe anazimika mbele ya macho yake, na hana la kufanya.

Basi Ijumaa moja tumekaa chini kwenye sinia la wali wa nazi, babu akainua kichwa. Jirani yetu, mzee wa Kiomani ambaye hakuwahi kutoka nchi hii, alikuwa amemwambia msikitini kwamba huko Mabela paa wanaonekana asubuhi. Usifikirie Mabela ya leo. Wakati ule ilikuwa changarawe tupu na miti ya miiba, ardhi ya serikali isiyo na ukuta wala taa.

"Watoto hawa washakuwa," babu akasema. "Nnataka niwapeleke usasini. Mie umri wao nshapelekwa."

Ami akafungua mdomo. Kuwinda paa kumepigwa marufuku katika nchi hii, watu wote wanajua, na yeye mtu wa serikali alijua kuliko wote. Lakini kabla neno halijamtoka bibi akamwahi.

"Mtilie babaako mchuzi."

Ami akatia mchuzi. Baadaye nikawasikia jikoni wakinong'onezana.

"Mama, kwa jambo hili mtu anafungwa."

"Anafungwa kwa kusuka wavu? Leo kaniomba chai. Tangu tuje hajaniomba, leo kaniomba kwa mdomo wake. Wallahi nisimsikie mtu anamwambia kitu."

Sisi watoto tukaitwa, tukaapishwa. Kwa hiyo tulianza kujitayarisha kwa usasi ambao nyumba nzima ilijua hautakuwapo, isipokuwa mwenyewe. Ndivyo tulivyodhani.

Kamba za usumba wa nazi babu hakuzipata Maskati. Akanunua nailoni sokoni Sib, akailaani kutwa, akisema inateleza kama ulimi wa dalali. Kila alasiri alikaa na kibao chake cha kusukia, na kanuni yake ilikuwa moja: kichwa kiingie, bega likatae. Tundu likiwa dogo paa ataruka nyuma, likiwa kubwa atapita. Akatutazama mikono wote, akaichagua ngumi yangu. Bibi akapiga kelele kutoka ndani, "Mtoto wa kike na usasi, wapi na wapi?" Babu akamjibu, "Ngumi yake ndiyo kichwa cha paa, nimpimie nani tena?" Tangu siku hiyo kila safu ya wavu ilipita mkononi mwangu, na binamu zangu wa kiume walivimba kwa wivu, nami sikuwapunguzia hata kidogo.

Bunduki alikuwa haipendi. Alisema risasi haina adabu, inamuua mnyama hujawahi kusema Bismillahi. Wavu unamshika mzima, ukamwelekeza kibla, ukamchinja kwa haki yake. Maneno mazuri. Ila wavu wa Unguja ni wa kichakani, unafungwa kwenye njia ya mnyama baina ya majani, naye anakuja mbio bila kuuona. Mabela palikuwa na kichaka gani? Mti na mwenziwe wakitaka kuamkiana ilibidi wapige ukelele. Jirani alikuwa akija na birika lake la kahawa, anautazama wavu, anauliza kwa Kiarabu, "Utaufunga wapi huu, kwenye upepo?" Babu anamjibu, "Paa ni paa," wanacheka, wanakunywa.

Jioni tulipangwa mstari uchochoroni kufanya mazoezi, kila mmoja na kopo la maziwa ya unga na kijiti. Akiinua mkono tunapiga makopo na kupiga unyende, akiushusha kimya, na atakayecheka anarudi nyuma ya mstari. Majirani walitoka mwanzo kugomba, halafu wakawa wanatoka kutazama. Zamu ya wakaa wavuni ilikuwa ngumu zaidi: unachutama karibu na ukuta, nzi anakutua puani, na huna ruhusa ya kumfukuza. Mpaka leo nikikaa kwenye foleni ya hospitali watu husema nina subira. Si subira, ni nzi wa babu.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa mgao. Kwa desturi yao wasasi, nyama inagawiwa kwa mdomo kabla ya kutoka nyumbani, ili tamaa isije ikawagombanisha porini. Paja la kwanza ni la nyumba isiyo na mwanamume. Shingo ni ya wapiga makopo. Ini ni la mgonjwa. Babu alituuliza mmoja mmoja, "Na wewe fungu lako utampelekea nani?" Mimi nilimchagua mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha Kurani, kwa sababu alikuwa akikohoa. Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa, wanasema wahenga, lakini sisi tulimgawa paa yule mara nyingi, nyumba kwa nyumba, hata nikawa naionea haya njaa ya watu ambao hawakujua kama tumewaahidi.

Siku ya kutoka ikikaribia bibi hutengeneza visheti na mkate wa ufuta, chai ikatiwa chupani, ami akasimama karibu na gari uso umempauka, hajui atasema nini. Na kila mara babu mwenyewe ndiye aliyeivunja safari. Mara upepo umegeuka. Mara ameona fundo limelegea katikati ya wavu, na fundo moja likilegea huwezi kuyaamini mengine. Alikaa akafumua, akaanza tena. Bibi akavuta pumzi, "Alhamdulillahi," visheti vya safari tukavila papo hapo barazani. Kipupwe kikapita hivyo, na kingine.

Babu alifariki wakati wa joto. Wavu ulikuwa umebaki kona moja.

Bibi alipokaa eda, mke wa jirani alikuja kumliwaza. Nilikuwa namimina kahawa. Yule mama akasema, polepole kwa kuwa Kiarabu cha bibi kilikuwa cha jikoni, kwamba mumewe alimwambia babu habari ya marufuku mapema kabisa, wavu hata haujafika magotini. Babu akamwomba, "Usimwambie mama watoto. Tangu nianze kusuka, analala."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka, na katikati ya kicheko kilio kikamjia, sikujua kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

"Mie namficha yeye, yeye ananificha mie," akasema. Kisha akauokota ushungi wake. "Sasa si tungekwenda tu, tukamtazama huyo paa?"

Maneno hayo ndiyo yanayonichoma mpaka leo. Nyumba nzima ya watu wenye akili zao, na ami na elimu yake, na jirani na hekima yake, tulivyoshughulika kumsitiri mzee hatukukumbuka kwamba kilichokatazwa ni kuwinda. Katika kusitiriana huko babu yangu alikufa hajamwona paa wa Oman hata mmoja. Namsikitikia, na ninasikitika. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Wavu ulifanywa goli la mpira, binamu zangu wakaucheza mpaka jua likaula. Jirani na mkewe wametangulia mbele ya haki. Mgao hakuna aujuaye tena. Nyama yetu inatoka supamaketi, imefungwa, kila nyumba na yake. Nikiwasemesha wanangu Kiswahili wananijibu Kiarabu, na neno usasi nilipolitaja pale uzioni walidhani ni ugonjwa.

Nami nakaa Mabela. Pamejaa nyumba, kuta kwa kuta, taa mpaka asubuhi. Wakati mwingine napika jioni nikajiuliza kama jiko langu halikusimama pale pale babu alipotaka kufunga wavu wake.

Mlinzi wa hifadhi aliniona nimeng'ang'ania waya akadhani naogopa. "Mtazame tu, mama," akasema, "kutazama hakuna aliyekatazwa." Nikamtazama yule paa mpaka akarudi kivulini, kisha nikawamiminia watoto chai. Ilikuwa bado inaunguza. Na kutoka barazani kwetu Sib mpaka Mabela ni karibu kuliko safari yetu hiyo ya hifadhini, mwenzangu. Chai ya bibi isingewahi kupoa.